Gari kuukuu: Bei ya spea haiishii kaunta

Katika maduka ya vipuri vya magari ya Tabora, kuanzia katikati ya mji hadi huku Ipuli, mteja huulizwa swali lile lile kila siku: "Nikupe jenuini au ya kawaida?" Mteja huuliza bei zote mbili, hutazama alizonazo mfukoni, kisha huchagua. Mara nyingi huondoka na ya kawaida. Safu hii haimlaumu, kwa sababu fedha ni ngumu. Lakini swali lenyewe limeulizwa vibaya, na anayelijibu kwa kulinganisha bei mbili tu huja kulipa tofauti yake baadaye, tena kwa awamu asizoziona.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Wako wengi mjini hapa ambao mtaji wao karibu wote uko kwenye gari moja: Hiace ya abiria, Noah ya kukodisha, IST ya teksi, au Fuso la kubebea tumbaku na mahindi. Ni mstaafu aliyeweka hapo kiinua mgongo chake, au mwenye duka aliyetaka mradi wa pili. Gari lenyewe lilitoka kiwandani Japani miaka 15 au 20 iliyopita, na lilipofika bandarini lilikuwa limeshafanya kazi ya mtu mwingine. Kwa mwekezaji wa namna hii, uchaguzi wa spea ndio unaoamua kama gari litamlisha au litamla.

Maoni yetu ni haya. Spea isinunuliwe kwa sababu inaitwa halisi, wala isinunuliwe kwa sababu ni rahisi. Inunuliwe kwa kupima mambo matatu: kazi inayofanya katika gari, gharama ya kuifungua tena ikifa mapema, na umri uliobaki wa gari lenyewe.

MADARAJA NI MANNE, SI MAWILI

Kosa la kwanza ni kudhani kuna spea za aina mbili. Ziko za aina nne.

Daraja la kwanza ni jenuini, yaani kipuri kilichomo ndani ya boksi lenye jina la kampuni iliyotengeneza gari. Hicho ndicho cha bei ya juu, na kwa kawaida hupatikana kwa wakala.

Daraja la pili wengi hawalijui, na ndilo lenye faida kubwa kwa mwenye gari kuukuu. Kampuni ya magari haitengenezi kila kitu. Toyota hununua vipuri vingi kwa viwanda vingine. Denso, iliyojitenga na Toyota mwaka 1949, hutengeneza plagi, alternata na rejeta. Aisin hutengeneza klachi na wota pampu. KYB hutengeneza shokapu. Koyo, NSK na NTN hutengeneza beringi. Viwanda hivyo hivyo huuza bidhaa zao pia katika maboksi yenye majina yao wenyewe. Anayenunua hapo hupata ujuzi wa kiwanda kile kile, lakini halipii jina la kampuni ya gari. Kitaalamu hiyo si jenuini, lakini pia si ya kubahatisha.

Daraja la tatu ni spea za viwanda vinavyoiga, kutoka China, Taiwan, Thailand, India, Uturuki na kwingineko. Hapa tofauti ni kubwa mno. Kusema "ya kichina" hakumwambii mteja lolote kuhusu ubora, maana China hiyo hiyo ina viwanda vinavyoziuzia kampuni kubwa za magari, na ina karakana zinazotoa pedi za breki zinazoisha kama chaki. La kuuliza ni nani ametengeneza, na kama kipuri chake kimeshatumika hapa mjini kikaonekana.

Daraja la nne ni mtumba, yaani kipuri halisi kilichotolewa katika gari lililokatwa. Kinaweza kuwa kizuri kuliko kipya cha daraja la tatu, au kikawa kimebakiza wiki mbili.

Nje ya madaraja haya iko spea bandia. Hiyo ni kipuri cha daraja la tatu, au chini yake, kilichovishwa boksi la daraja la kwanza. Hakistahili daraja lolote kwa sababu ni wizi.

HESABU YA KWELI

Tufanye hesabu ya mfano, na kila msomaji aweke tarakimu zake. Tuseme pedi za breki za bei ndogo ni Sh. 25,000 na hudumu miezi mitatu. Ufundi ni Sh. 10,000. Siku ya kufunga, gari hukosa nusu ya hesabu ya siku, tuseme Sh. 20,000. Kila badiliko basi ni Sh. 55,000. Kwa mwaka ni mabadiliko manne, yaani Sh. 220,000.

Sasa tuseme pedi nzuri ni Sh. 75,000, mara tatu ya zile, na hudumu mwaka mzima. Ongeza ufundi Sh. 10,000 na hesabu iliyokosekana Sh. 20,000. Jumla ni Sh. 105,000. Aliyeona Sh. 25,000 akadhani ameokoa Sh. 50,000, mwisho wa mwaka amepoteza Sh. 115,000. Na hapo hatujagusa diski zilizochimbwa na pedi mbovu.

Lakini hesabu hiyo hiyo inaweza kugeuka. Chukua kioo cha pembeni. Cha kuiga ni Sh. 20,000, halisi ni Sh. 120,000. Kufunga ni dakika chache, gari halilali, na kikivunjika hakiharibu kitu kingine. Anayeweka kioo halisi kwenye gari la miaka 20 linalopita vichochoroni anatupa fedha.

Tofauti ya mifano hii miwili ndiyo kanuni. Kipuri kilicho juu juu, kinachofungwa upesi na kufa peke yake, kinunuliwe rahisi. Kipuri kilichozama ndani, ambacho kukifikia ni lazima fundi ashushe giaboksi au afungue injini, kisinunuliwe rahisi hata kidogo. Sahani ya klachi inaweza kuwa ya bei ndogo, lakini siku nzima ya kushusha giaboksi hailipwi kwa bei ndogo.

Kuna gharama nyingine ambayo mwenzetu wa Dar es Salaam haioni. Yeye kipuri kikifa huvuka barabara hadi Kariakoo, na jioni gari liko kazini. Tabora iko zaidi ya kilomita 800 kwa reli kutoka bandarini. Kipuri ambacho hakipo hapa mjini huagizwa kwa simu, hulipiwa kwa simu, hupakiwa kwenye basi, na gari hulala siku mbili au tatu likisubiri. Likiwa limefia njia ya Sikonge au Kaliua na mzigo wa watu mgongoni, kuna gharama ya kulivuta na gharama ya kuhamisha mzigo. Kwa hiyo kipuri kinachodumu kina thamani kubwa zaidi Tabora kuliko Dar es Salaam. Ajabu ni kwamba sisi wa bara ndio tunaoletewa vile visivyodumu, na tunavipokea.

KIPURI KWA KIPURI

Tuanze na vile ambavyo safu hii inashauri mtu asivitafutie nafuu. Breki zote: pedi, viatu, silinda na mipira yake. Vya usukani: bolijointi na tairodi. Hivi vikikatika gari likiwa kwenye mwendo, hakuna hesabu ya shilingi inayofaa tena, kwa sababu ndani kuna abiria. Hata hivyo, si lazima viwe vya daraja la kwanza. Vya usukani vinavyouzwa kwa jina la 555, vya kampuni ya Sankei ya Japani, mafundi wamevizoea kwa miaka mingi, ila kwa sababu hiyo hiyo huigwa sana, na mnunuzi awe macho.

Taimingi belti nayo haina mzaha. Injini za dizeli za Hiace kama 3L na 5L, na 1HZ ya Land Cruiser, huendeshwa kwa mkanda huo. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni, na mwenye gari aliyeokoa bei ya chakula cha mchana hujikuta anatafuta silinda hedi. IST yenye injini ya 1NZ hutumia mnyororo badala ya mkanda, hivyo mwenye IST asikubali kuuziwa taimingi belti na mtu yeyote.

Filta ni ndogo na hudharauliwa. Filta nzuri ya oili ina vali inayofunguka karatasi ikiziba ili injini isikose oili, na mpira unaozuia oili isishuke yote injini ikizimwa. Katika filta mbovu hivyo viwili havipo, au vipo kwa jina tu. Kwa filta ya hewa, kila anayejua vumbi la kiangazi la mkoa huu haitaji kuelezwa. Karatasi nyepesi, au ukingo usiobana vizuri, hupitisha mchanga mwembamba unaokula ringi na silinda. Gari linaanza kula oili, mwenyewe anamlaumu dereva.

Kwa wota pampu, klachi, shokapu, beringi na plagi, daraja la pili linatosha kabisa. Hapo ndipo fedha nyingi zinaweza kuokolewa bila kupoteza uimara.

Taa, bampa, fenda, vioo, vitasa vya milango na mipira ya waipa, chukua daraja la tatu bila kuona haya. Bampa la kuiga linaweza lisikae sawasawa kwenye matundu yake, lakini halimwui mtu.

Mtumba una mahali pake pia. Milango, alternata, stata, giaboksi, hata injini nzima, ni vitu ambavyo vikitoka kwenye gari lililokatwa vikiwa vizima vinaweza kushinda vipya vya kuiga. Injini isikilizwe ikiwaka kabla ya kulipiwa, na maelewano ya siku za majaribio yaandikwe. Lakini kitu chochote cha mpira, cha msuguano au cha mkanda kisinunuliwe mtumba. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala stoo.

UMRI ULIOBAKI

Wako wanaosema gari zee halistahili spea ya bei. Wako wanaosema gari zee ndilo linalohitaji jenuini tupu. Wote wamesahau kuuliza litafanya kazi muda gani zaidi.

Anayetarajia kuuza gari baada ya miezi sita hana sababu ya kufunga shokapu zitakazodumu miaka mitano, kwa sababu mnunuzi hatamrudishia fedha hizo. Anayetarajia kulitumia miaka minne zaidi hana sababu ya kufunga za miezi sita. Breki na usukani havimo katika hesabu hii, kwani huwezi kumwuzia jirani yako ajali.

Aidha, matengenezo yapimwe dhidi ya thamani ya gari. Bili ya injini inapokaribia nusu ya bei ya kuliuza gari lote, ni wakati wa kuuliza bei ya injini ya mtumba, au kuliuza gari lilivyo.

Hata hivyo, tusitegemee kwamba magari mapya yatatuokoa haraka. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda ilipiga marufuku magari yaliyozidi miaka 15 kuanzia mwaka 2018. Hapa kwetu hakuna ukomo wa namna hiyo kwa magari ya kawaida, lakini umri huongezewa ushuru. Maana yake kwa mfanyabiashara ni kwamba kubadilisha gari ni ghali, hivyo yaliyopo yataendelea kutengenezwa miaka mingi, na soko la spea litaendelea kukua.

BOKSI SI USHAHIDI

Hili si jipya katika mji huu. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia hapa Unyanyembe kwenda Ujiji ilibeba nguo iitwayo merikani, kwa sababu ilitoka Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya miaka ya 1861 hadi 1865 vilikata pamba, na baadaye viwanda vya Bombay vikaingia sokoni na nguo ya kuiga. Jina la merikani halikubadilika, ingawa mtengenezaji alibadilika. Mfanyabiashara wa bara aliyejua kazi yake hakununua jina. Alishika nguo, akapima uzito na upana wake.

Mnunuzi wa spea afanye vivyo hivyo. Aende dukani na kipuri cha zamani mkononi, alinganishe uzito, unene wa chuma, na jinsi matundu na kingo zilivyomaliziwa. Aende na namba ya chasisi, kwa sababu namba ya kipuri hupatikana kutokana nayo. Aangalie kama namba iliyo kwenye boksi ndiyo iliyopigwa kwenye chuma. Na akionyeshwa jenuini kwa nusu ya bei ya maduka mengine yote, ajue anachoonyeshwa ni boksi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya spea, kibaya kimejifunza kuvaa nguo za kizuri ili nacho kijiuze. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza jambo hilo, na Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kukamata na kuteketeza bidhaa bandia. Lakini Tume haiwezi kusimama kwenye kila kaunta. Mlinzi wa kwanza ni mwenye fedha.

SUALA LA CHA JUU

Kuna jambo ambalo huzungumzwa kwa kunong'ona, na ni vizuri lizungumzwe hapa. Mwenye gari wengi hawaendi dukani. Humpa fundi au dereva fedha, naye huleta kipuri na risiti. Katikati ya duka na gereji kuna cha juu: fundi analetewa bei ya Sh. 60,000, anachukua cha Sh. 35,000, na boksi linatafutwa.

Kumtukana fundi hakusaidii. Mwenye gari anayebishania ufundi wa Sh. 15,000 mpaka ukawa Sh. 7,000 amejitengenezea tatizo hilo mwenyewe. Fundi anayelipwa kidogo hujilipa kwenye spea. Na akijilipa kwenye spea, faida yake iko kwenye kipuri kinachokufa upesi, maana kila kikifa kuna cha juu kingine.

Dawa ni kutenganisha mambo mawili. Ufundi ulipwe kwa haki, tena kwa makubaliano ya mapema, na kama kazi itadumu miezi sita bila kurudi, fundi apewe asante yake. Spea inunuliwe na mwenye gari mwenyewe, au azungumze na duka kwa simu na alipe moja kwa moja. Kipuri cha zamani kirudishwe kwa mwenye gari. Na liwepo daftari la gari: tarehe, kilomita, namba ya kipuri, duka, bei. Mali bila daftari hupotea bila habari. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa mshauri bora kuliko muuzaji yeyote, kwa sababu litaonyesha kipuri gani kimedumu kwenye barabara zetu.

KWA WENYE MADUKA

Tunajua ugumu wao. Jenuini hufunga mtaji. Inaweza kukaa rafuni mwaka mzima. Ya bei ndogo hutoka kila siku. Lakini si lazima duka lijaze jenuini. Lichague vipuri vinavyozunguka haraka, yaani filta, pedi, plagi, mikanda na vya usukani, kwa aina nne au tano za magari yaliyo mengi mjini, na liweke daraja la pili la vipuri hivyo. Mtaji hautalala, na mteja hatalazimika kuagiza Dar es Salaam.

La pili ni kusema ukweli kwenye risiti. Badala ya kuandika "pedi za Hiace", duka liandike mtengenezaji na namba. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, hivyo risiti yenye maelezo ni kinga ya mnunuzi. Kwa muuzaji mwaminifu ni tangazo lisilolipiwa. Duka litakalokuwa la kwanza kumwambia mteja, "hii ni ya miezi minne na hii ni ya mwaka, chagua", litapoteza mauzo machache mwanzoni, kisha litawapata wenye magari matano matano, ambao ndio wateja wa kudumu.

Kwa wawekezaji wadogo, ushauri wetu wa wiki hii ni mfupi. Kabla ya kulipia spea yoyote, uliza kwanza ikikatika njiani nini kitatokea. Pili, uliza kuifungua tena kutagharimu kiasi gani pamoja na siku gari litakazolala. Tatu, uliza gari lina muda gani mikononi mwako. Ukishayajibu hayo, ndipo uulize bei.